Fumba Mdomo Ukiwa Chini ya Gari

Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni ya unga, mawazo yangu yakiwa kwenye chai na kuweka miguu juu ya stuli, gari la kijivu lilipoingia gereji likiburuza tumbo. Zee, pana, la wenye nazo wa zamani. Magari ya aina hiyo hayana springi za chuma. Yanasimama juu ya mipira minne iliyojazwa upepo, mmoja juu ya kila gurudumu, na upepo hupita kwenye vipaipu vyembamba vya plastiki. Vikichakaa vinavuja, gari linalala chini.

"Tumefunga, kaka," nikamwambia dereva.

"Dada fundi, nakuomba. Mama yangu yumo humo. Gari likilala kabisa, nampoteza."

Nikadhani anampeleka hospitali. Nikachungulia kiti cha nyuma. Bibi kizee, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Harufu ikanipiga... maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa, na kinywa ambacho hakijaona mswaki siku nyingi.

"Mshushe akae kwenye benchi."

"Hashuki." Kisha akaninong'oneza, "Ukiwa chini ya gari, fumba mdomo."

Nikacheka. Mimi na kufumba mdomo, wapi na wapi! Mume wangu mwenyewe alishakata tamaa.

Nikanyanyua gari kwa jeki, nikaweka stendi za chuma, maana mwenye akili zake haingii chini ya gari linaloshikiliwa na upepo. Nikalala chali, nikajisukuma ndani, nikapaka vipaipu povu la sabuni. Vilikuwa vimekauka na kupasukapasuka kama visigino, lakini vitatu havikutoa hata kiputo kimoja. Cha nne, cha gurudumu la nyuma kushoto, kinapita nyuma ya ekseli ambako jicho halifiki. Hapo nina mbinu niliyofundishwa na fundi wangu. Unalowesha mdomo wa chini, unausogeza polepole kufuata paipu. Mdomo unahisi upepo ambao kidole hakiusikii.

Nikauhisi.

Ulikuwa wa moto.

Upepo wa gari hutoka baridi. Huu ulikuwa na joto na unyevu, unatoka... unakatika... unatoka. Tena ulikuwa na ladha. Meno yaliyooza, dawa ya kifua, kohozi la asubuhi. Nikatema. Nilisahau kwamba nimelala chali, mate yote yakanirudia shavuni.

Juu yangu, sakafu ya gari ikakwaruzwa.

"Binti... usizibe."

Nikaganda.

"Nimechoka. Kila nikitoka, ananirudisha. Ananijaza tu."

Nikajivuta nje. Mwanamume yule alikuwa bombani nyuma ya gereji, analowesha kitambaa cha kumpangusa mamaye midomo. Nikachungulia dirishani. Bibi alikuwa amefumbua macho. Nzi alikuwa anatembea juu ya jicho moja, na jicho halikupepesa. Chini ya shuka, upande wa kushoto wa kifua ulikuwa umebonyea kama mpira wa watoto ulioishiwa upepo. Kipaipu kilipopuliza, ulibonyea zaidi.

"Tafadhali," akasema. Midomo haikusogea.

Nilisikia kinyaa hadi nywele zikasimama, lakini huruma ilinizidi. Bibi wa watu alitaka kwenda zake. Nikarudi chini na kisu. Ukitengeneza paipu iliyochakaa, unakata kwanza pale palipoharibika, kisha unaunga. Mimi niliamua kukata tu.

Nikafumba mdomo, nikakata.

Sssssss...

Upepo wote ulinijia usoni. Haukuisha upesi. Uliniingia puani, masikioni, chini ya kope, mzito, wenye mnato. Nikavumilia mpaka tumbo likakataa. Nikatapika. Na jamani, hakuna anayetapika huku amefumba mdomo.

Halafu nikavuta pumzi.

Nilipotoka, yule mwanamume alikuwa amesimama na kitambaa kinachodondosha maji. Ndani ya shuka palibaki ngozi na nywele, vimejikunja. Nikangoja anipige. Hakupiga, wala hakulia. Alisogeza pua mpaka mdomoni kwangu, akanusa taratibu kama mtu anayenusa mchuzi jikoni.

Akatabasamu.

Akafungua mlango wa nyuma. Kilichokuwa kitini akakisukuma pembeni kwa mkono mmoja, kama mto.

"Panda, mama. Twende nyumbani."

Nilimtishia kwa spana ya magurudumu. Nikatoa stendi na kushusha gari, nikitaka tu aniondokee. Aliondoka bila ubishi, gari likikwangua lami.

Tangu siku hiyo nimesukutua kwa chumvi, kwa ndimu, hata kwa spiriti. Ladha ipo. Mume wangu analala ameelekea ukutani, anasema anayemnusa kitandani si mimi. Na kila jioni gari la kijivu linaegeshwa ng'ambo ya barabara. Sijui fundi gani alilitengeneza, maana sasa limesimama vizuri. Mlango wa nyuma uko wazi. Yeye ameuegemea, na amekonda.

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikavuka barabara na matusi yangu yote nimeshayapanga. Nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kizee, ya upole...

"Umekula, mwanangu?"