Sambusa za Kuchemsha za Naliaka

Kila Jumapili baada ya kanisa, Naliaka alifagia chumba chao karibu na Barabara ya Ngong, akawasha makaa na kubandika maji. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Were, alikuwa mpishi katika nyumba moja kule Loresho. Memsahibu wake aliwahi kuishi Uchina, naye ndiye aliyemfundisha Were kupika vifurushi vya nyama vya Kichina. Nyumbani Were aliviita sambusa za kuchemsha.

Jumapili hiyo mgeni wao alikuwa Mama Peres, kiongozi wa akina mama kanisani. Wiki iliyopita alisema mbele ya watu, "Msichana aliyelelewa na mwanamume atajua jiko gani?" Viongozi ndivyo walivyo: kusaidia hawasaidii, kusema wanajua. Naliaka alitaka kumwonyesha.

Were alisukuma unga uliokandwa kuwa maduara madogo, akatia nyama na kabichi, akalowesha ukingo kwa maji, akabana. Akachemsha zake na kuzifunika kwenye sahani. "Sasa tengeneza zako," akasema, akaenda bombani.

Naliaka alizifunga vizuri. Lakini zilipoingia kwenye maji yanayochemka, mkono wake ulishika mwiko ukafanya ulichozoea: ukasonga kama unasonga ugali. Zikapasuka zote. Sufuria ikawa uji wenye nyama.

"Hodi!" Mama Peres aliingia, akafunua sahani. "Ala! Umepika wewe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Naliaka akaelekeza kidole kwenye sufuria.

"Hizo ni za Baba, Mama. Zangu ni hizi."

Mama Peres akachungulia sufuria, akacheka hadi kitambaa kikamlegea kichwani. "Hiki ni chakula au dawa ya ng'ombe? Si nilisema?"

Were alisikia hayo akiingia na debe la maji. Akalitua, akamgeukia bintiye. "Unga umebaki?"

"Umebaki, Baba. Nyama imekwisha."

"Kabichi ipo. Anza tena. Na usisonge! Pitisha mgongo wa mwiko polepole chini zisishike, halafu uziache."

Naliaka akakata kabichi, akaitia chumvi, akaikamua maji, akafunga sambusa nyingine na kuzitia kwenye maji mapya yanayochemka. Mama Peres alikaa kwenye kigoda akimkazia macho. Sambusa zilipoelea, hakuna hata moja iliyopasuka. Naliaka akachanganya sosi nyeusi ya Kichina kutoka duka la Rasiklal mjini, siki, tangawizi na pilipili.

Mama Peres akachovya, akala, akakohoa. "Pilipili hii itaniua!" akasema, huku akichukua nyingine. Na nyingine tena. Mwishowe akapangusa mdomo. "Binti, utakuja kuwafundisha akina mama wangu?"

"Nitakuja, Mama. Ila waache mwiko nyumbani."

Hata Were alicheka.

Mgeni alipoondoka, Were alimwita bintiye. "Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Chakula kikiungua, kosa ni la mpishi. Barabara ikibomoka, kosa ni la mvua. Sijasikia hata mmoja akisema, 'Nimeharibu mimi.' Wewe umesema, tena mbele ya mtu aliyekuja kukucheka. Ungedanganya, leo ungekuwa umejifunza kupika? Anayekubali kosa lake hupata nafasi ya kulirekebisha, mwanangu."

Kisha akaitazama sahani yake mwenyewe. Ilikuwa bado imejaa, hakuna aliyeikumbuka. Were hakuwa amewahi kufurahi hivyo kuona chakula chake kimebaki.