Fundi na Mbuzi Wake Bibiye

Fundi cherehani alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na alimdekeza kupita kiasi. Alimwita Bibiye. Mkewe alimwita mke mwenza. Kila asubuhi fundi alikamua, akanywa kikombe kizima papo hapo bandani, maziwa yakiwa bado na joto la kiwele. Yaliyobaki mkewe aliyachemsha kwa chai.

Siku moja Bibiye alitupa mimba. Fundi alimsaidia kwa mikono mitupu, ile mikono yenye matundu ya sindano kila kidole. Alihuzunika, utadhani amefiwa.

Wiki chache baadaye homa ilimwanza. Iliondoka, ikarudi. Kiuno na magoti vilimuuma. Alimeza dawa za malaria bila kupimwa, hazikufua dafu. Mwishowe alishindwa kukanyaga cherehani. Alikaa mbele yake tu, ameshika magoti, na mkewe aliogopa kwamba hatashona tena.

Jirani yao, daktari wa mifugo, alikuja kuchukua suruali yake akakuta haijaguswa. Aliuliza habari za homa, kisha habari za mbuzi.

"Maziwa nayanywa mabichi," fundi akasema. "Ukiyachemsha unaua nguvu yake."

"Unaua vijidudu, fundi. Huenda huo ni ugonjwa wa kutupa mimba. Mtu anaupata kwa maziwa mabichi, au akishika uchafu wa uzazi wa mnyama mgonjwa. Vitundu hivyo vya sindano vinatosha. Nenda hospitali leo. Waambie unafuga mbuzi, wakupime damu. Na mama apimwe."

Fundi alikutwa nao. Mkewe, mnywaji wa chai, alikuwa mzima. Fundi alipewa dawa za wiki sita. Homa ilipotulia alitaka kuziacha, lakini mkewe alimsimamia mpaka kidonge cha mwisho.

Bibiye naye alipimwa, akakutwa mgonjwa. Daktari alieleza kuwa mbuzi kama huyo hatibiwi, huondolewa asiambukize wengine. Alipochukuliwa, fundi alilia waziwazi, na mkewe hakumcheka. Baadaye walinunua mwingine aliyekwisha kupimwa, pamoja na glavu za mpira. Maziwa sasa huchemka mpaka yapande, ndipo mtu ayaguse.

Alasiri moja mkewe alikuwa akianua nguo, akasikia cherehani. Alikwenda mlangoni.

"Magoti je?"

"Hayaumi."

"Basi shona, mume wangu. Kimya cha nyumba hii kilikuwa kimenishinda."

Akaketi karibu naye, nguo zikiwa mapajani, na hakuzikunja.