Mkono wa Luhende

Jua lilikuwa linazama pale Kasoli. Mayige alifunga ng'ombe zizini, akakaa mbele ya ubao wake wa drafti. Kete zilibaki mbili tu: kingi yake moja. Kingi moja ya Luhende, mvuvi wa Nassa, kule ziwani.

Walikuwa wanacheza kwa meseji, kila mtu na ubao wake, vizibo vya soda ndiyo kete. Mayige alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo meseji alizisoma mwenyewe, kwa sauti, kidole kikifuata.

Tangu mavuno ya pamba kingi mbili zinakimbizana tu. Luhende alishachoka: "Nkoi, rafiki yangu, hii ni suluhu. Nije tushikane mkono yaishe." Maana kwao suluhu ya drafti haihesabiki mpaka mkono kwa mkono.

"Suluhu na nani?" Mayige alimjibu. "Utakosea tu, nikule!"

Simu ikaita. Klementina, mke wa Luhende.

"Mwadila, shemeji," alisalimia. "Mwenzako ametutoka. Mtumbwi ulipinduka. Tumemzika leo."

"Pole, shemeji. Pole sana."

Alikata simu, akautazama ubao. Alijionea aibu, lakini kilichompanda kilikuwa hasira. Mchezo wote ule, halafu hivi?

Meseji ikaingia. Namba ya Luhende.

"Zamu yako."

Akampigia Klementina mbio mbio. "Shemeji, simu yake anayo nani?"

"Simu? Ilizama naye."

Harufu ya samaki wabichi ikajaa chumbani. Kasoli, mbali na ziwa...

Mayige akasukuma kingi yake mbele ya kingi ya marehemu. Kwenye drafti kula ni lazima.

"Kula!" akanong'ona. "Haya, umeshinda. Kapumzike."

Tk.

Kizibo cha Luhende kikasogea chenyewe. Kikarudi nyuma. Hakikula.

"We mtu, unataka nini sasa?"

Simu ikalia. Akasoma, kidole kikifuata, na kwa mara ya kwanza akatamani asingejua kusoma.

"Suluhu. Nimekuja. Nipe mkono."

Mlangoni maji yakawa yanadondoka. Tone. Tone...

Akimpa, mchezo umeisha. Lakini mkono ule, ukishamshika, utamwachia?

"Sikupi!" alipiga kelele. "Sikupi, Luhende!"



Mpaka leo hajampa. Ubao alishauchoma, vizibo akavitupa shimoni. Lakini ng'ombe wakishaingia zizini, hata wakati wa kiangazi, kizingiti chake kinalowa. Naye anakaa ndani, mikono yote miwili ameibana kwapani, anasubiri simu ilie.

"Zamu yako, nkoi."