Hatua Sita za Kinyumenyume

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa darasa la saba walifagia uwanja wa shule yao pale Malindi, wakaokota pakiti za maziwa ya jana, kisha wakanyunyiza maji ili vumbi lilale. Shekha hakupenda kufagia. Alipenda kusimamia.

"Chumvi, umeacha majani pale," alimwambia Dena. "Au na macho yameliwa na chumvi?"

Wenzake wakacheka. Dena alikuwa binti wa Gona, kibarua wa mashamba ya chumvi ya Marereni, naye aliishi mjini kwa shangazi yake ili apate kusoma. Jina la Chumvi alipewa na Shekha. Mvua ikinyesha, Shekha alikuwa akimwambia ajifiche asije akayeyuka.

Mwaka ule Mwalimu Phineas alitaka kuwaonyesha wazazi jambo jipya. Alikita kigingi katikati ya uwanja, akaeleza kwamba mahali popote panatajwa kwa mambo mawili tu: umeelekea pembe gani, na umekwenda umbali gani kutoka kwenye kigingi. Kanuni aliyoiandika ubaoni ilitoa umbali wa kila pembe. Watoto wote wakisimama mahali pao, watakuwa wamechora ua la petali tatu kwa miili yao.

"Na umbali ukiwa hasi, mwalimu?" aliuliza Dena.

"Unaielekea pembe yako, kisha unarudi kinyumenyume kutoka kwenye kigingi mpaka hatua zako ziishe. Usigeuze shingo. Msikilize aliye kwenye kigingi. Swali hilo, Dena, nimelingoja wiki nzima."

Shekha ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye kigingi na kutaja nafasi, kwa sauti yake nzuri. Lakini sifa ile ya Dena ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya wazazi ikafika. Gona alikuwa ameomba ruhusa kazini, akakaa mwisho wa benchi, nyayo zake zilizopasuka kwa chumvi amezificha chini. Ili wageni wasidhani watoto wamekariri, nafasi ziligawiwa palepale.

"Dena," Shekha akaita. "Pembe sitini. Sita."

Neno "hasi" alilimeza.

Dena akaenda mbele hatua sita, akasimama. Wengine nao wakaenda, mmoja mmoja, mpaka ua likatokea. Petali moja haikuwa na ncha, na Dena alikuwa peke yake kwenye mchanga mtupu, katikati ya petali mbili, kama kuku aliyefungiwa nje.

"Na yule ni mwiba wa ua?" aliuliza mgeni mmoja, na benchi zima likacheka.

"Niliambiwa sita, mwalimu," alisema Dena.

"Shekha?"

"Nilisema sita hasi. Hakusikiliza."

Mwalimu alimchapa Dena viganjani mbele ya wageni, kwa kukosea na kwa kusingizia. Gona akainuka.

"Kosa ningelisamehe," alimwambia binti yake. "Nimeacha kazi kuja kutazama uongo?" Akamshika mkono, wakaondoka.

Jumatatu nafasi ya Dena ilikuwa wazi. Habari zikaja kwamba yuko Marereni, anabeba chumvi.

"Chumvi imerudi guniani," alisema Nana, rafiki yake Shekha.

Shekha alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Jioni alimweleza mama yake, Bi Mastura, kila kitu. Bi Mastura hakumpiga. Alisema tu, "Kesho utayasema hayo mbele ya aliyeumizwa."

Asubuhi wakamweleza mwalimu, wakaenda naye Marereni. Walimkuta Dena kando ya lundo jeupe la chumvi, viganja vilivyochanika kwa fimbo amevifunga matambara. Shekha alikiri yote mbele ya vibarua wote.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Gona mwishoni, maana alikuwa amesahau kusalimu.

Gona akatua gunia alilobeba. "Anayerudi kinyumenyume haoni anakokwenda," alisema. "Anakwenda kwa neno la mwenzake tu. Wewe neno ulilikata, ukampa nusu. Nusu ya kweli ni uongo mzima, mwanangu. Nawe, mwalimu, ulipiga kabla ya kuuliza. Na mimi babake nikaamini bila kuuliza."

Mwalimu Phineas aliinamisha kichwa. Akamwomba Dena radhi, na kesho yake Dena akarudi darasani. Hakukaa karibu na Shekha, wala hakumsemesha.

Mwalimu aliupanga uwanja upya, safari hii mbele ya shule nzima, baada ya Shekha kukiri kosa lake. Kwenye kigingi alimweka Dena.

"Shekha," Dena akaita bila kumtazama. "Pembe sitini. Sita hasi."

Shekha alielekea pembe yake, akaanza kurudi nyuma. Shingo ilimwasha kutaka kugeuka. Kama Dena amemdanganya, shule nzima itacheka, na asingekuwa na la kusema. Hatua ya sita akasimama.

Kulia kwake palikuwa na mtu, na kushoto palikuwa na mtu. Alikuwa kwenye ncha ya petali, pale hasa alipotakiwa kuwa.