Gari la Baba Lilipokataa Kuwaka

Kila asubuhi kabla ya shule Gorata alifagia ua. Alianza mlangoni kwa jiko, akapita kando ya matuta ya spinachi ya mama yake, akamalizia chini ya wavu wa kivuli. Hapo ilipoegeshwa pikapu ya baba yake, ufagio ulibidi uzunguke magurudumu manne. Katika kijiji cha Moshupa watu hutazama ua kwanza ndipo wamtazame mwenye ua, kwa hiyo Gorata alifagia mistari iliyonyooka. Kwa miezi sita mistari ile haikukanyagwa na tairi hata mara moja.

Baba yake, Kelapile, alifariki mwezi wa Februari. Baada ya mazishi wakubwa wa ukoo walikaa na kusema kama wanavyosema siku zote: vitu vya marehemu visiguswe mpaka msiba uvuliwe. Kofia yake, koti lake, fimbo yake na pikapu. Ufunguo wa pikapu uliwekwa ndani ya kikombe, kikombe kikafunikwa kwa kofia, vyote vikafungiwa kabatini. Mama yake Gorata, Seipone, alivaa nguo za msiba za bluu na kuanza kuomba nafasi kwenye magari ya watu ili afikishe spinachi zake sokoni Gaborone. Siku nyingine alikosa nafasi, mboga zikanyauka kwenye magunia, hatua kumi tu kutoka kwenye gari lake mwenyewe.

Hakulalamika. Taratibu ni taratibu.

Gorata ndiye aliyezivunja.

Ilikuwa Alhamisi moja, mama amekwenda kwenye maombi ya wanawake. Gorata alifungua kabati ili anuse kofia ya baba yake. Hakuwa na nia nyingine. Lakini chini ya kofia kulikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe kulikuwa na ufunguo. Alikwenda akafungua pikapu, akaketi kwenye kiti cha abiria alichozoea kukaa, akazungusha ufunguo nusu tu kama alivyomwona baba akifanya. Redio ikawaka. Ndani yake kulikuwa na kanda ya kwaya ya kanisani, na katika wimbo wa tatu, chini kabisa ya sauti za wengine, kulikuwa na besi ya baba yake.

Tangu siku hiyo alirudi kila Alhamisi. Wimbo ule mmoja, kisha anarudisha kanda nyuma na ufunguo unarudi kikombeni. Mwezi wa nne baada ya mazishi, taa ya redio ilififia katikati ya wimbo, sauti ikakatika. Gorata alizungusha ufunguo tena na tena. Kimya. Alifunga mlango polepole, akarudisha ufunguo, na hakumwambia mtu.

Siku ya kuvua msiba ilifika mwezi wa Agosti, upepo ukirusha vumbi toka asubuhi. Mbuzi wawili walichinjwa. Wanawake walisonga ugali wa mtama kwenye vyungu vya miguu mitatu, wanaume wakaponda nyama kwa miti mpaka ikawa nyuzi. Wazee walimvua mama nguo za bluu, akanyolewa, akavikwa gauni jipya. Koti likaenda kwa mmoja, fimbo kwa mwingine. Likabaki gari.

Baba mkubwa Ramotse, kaka wa marehemu na msemaji wa ukoo, alimkabidhi mama ufunguo mbele ya watu wote.

"Shemeji," alisema, "liwashe mwenyewe. Likitoka uani hapa mkono wako ukiwa kwenye usukani, ni lako wewe na mtoto. Maneno yameisha."

Mama aliingia, akazungusha ufunguo. Gari halikukohoa. Hata taa moja haikuwaka. Akajaribu tena. Ulisikika upepo tu ukipiga wavu.

Shangazi Mmapula, dada wa marehemu, alijishika kifua. "Amekataa," alisema.

"Nani amekataa?" aliuliza mtu.

"Nani mwingine? Ndugu yangu! Gari hili alikuwa halali bila kulipangusa. Leo linagoma mbele ya ukoo mzima. Mnataka aseme kwa lugha gani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walirudi nyuma kutoka kwenye gari. Hapo Letsholo, kaka yake mama, alijitokeza akijifuta mafuta ya mbuzi mikononi. Letsholo alikuwa fundi wa magari huko Kanye.

"Da' Mmapula, betri imeisha," alisema. "Gari likikaa, betri huisha. Ni hilo tu."

"Wewe nyamaza. Wewe ni wa upande wa dada yako. Kitu ambacho hakuna mtu aliyekigusa kinaishaje? Mimi nikifungia sukari yangu kabatini, nitakuta imepungua?"

"Kwa jinsi ulivyoitia kwenye chai leo asubuhi, sidhani kama hufika kabatini."

Watu walicheka, lakini baba mkubwa hakucheka. Aliinua mkono.

"Letsholo, shemeji yangu, tunakuheshimu. Lakini Mmapula ameuliza swali la maana. Gari lilifungwa, ufunguo ulifungwa, hakuna aliyeligusa. Kama marehemu amekataa, hatutabishana naye. Kuna mtu wa Jwaneng alishaniulizia pikapu hii. Liuzwe, tugawane, tupumzike."

Mama alikuwa bado ameketi nyuma ya usukani. Alitazama matuta yake ya spinachi, kisha akatazama chini. Siku ile haikuwa nafasi yake kubishana na wakubwa wa mume wake, na kila mtu alijua hivyo.

Gorata alisimama kando na beseni la maji ya kunawa. Akinyamaza, hakuna atakayejua kitu. Gari litaondoka, na mama ataendelea kusimama barabarani na magunia yake, akiamini kwamba mume wake mwenyewe amemnyima. Akisema, atakuwa mtoto aliyechezea vitu vya marehemu, mbele ya ukoo mzima.

Aliweka beseni chini.

"Mimi nililigusa," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa nguvu. "Baba mkubwa, mimi nililigusa gari! Nilichukua ufunguo. Kila Alhamisi nilikuwa nasikiliza wimbo mmoja kwenye redio. Mimi ndiye nimeimaliza betri. Baba hajakataa kitu."

Watu wote walimgeukia.

"Yaani sisi tunaomboleza," shangazi alisema polepole, "na wewe unakaa humo unasikiliza muziki?"

"Si muziki, shangazi. Ni baba. Anaimba kwenye kanda."

Shangazi alilitazama gari.

Letsholo alikuja akasimama karibu na mpwa wake. "Sasa," alisema, "hapa ningeweza kusema mmesikia, mtoto ameimaliza, twendeni tukale. Lakini nitakuwa mwongo. Wimbo mmoja kwa wiki haumalizi betri nzima kwa miezi michache. Ameisaidia kuisha mapema, basi. Hata asingeigusa, leo msingelikuta gari lina uhai."

"Rudi kwenye swali," alisema baba mkubwa. "Kisichoguswa kinaishaje?"

"Tangi lako la maji kule shambani, bomba likidondosha tone moja moja, utalikuta na maji baada ya miezi sita?"

"Silikuti."

"Betri ni hivyo. Gari likizimwa halilali kabisa. Ile saa ya mbele inatembea usiku na mchana, inakula kwenye betri. Redio ina kumbukumbu yake, nayo inakula. Na betri yenyewe, hata ukiitoa ukaiweka juu ya meza, umeme wake hupungua wenyewe, hasa kwenye joto kama la Machi yetu. Kinachoijaza ni altaneta, na altaneta inazungushwa na injini. Injini isipozunguka, tangi linadondosha na hakuna anayemimina. Ndiyo habari yote. Marehemu hayumo."

"Maneno mazuri," alisema shangazi. "Maneno ya kaka wa mjane."

Letsholo alikuna kichwa. Alionekana kama mtu anayepima jambo zito. Kisha akamgeukia baba mkubwa.

"Shemeji, unakumbuka trekta lako mwaka juzi?"

Uso wa baba mkubwa ulibadilika. "Trekta langu lilirogwa. Watu wote wanajua. Mvua ya kwanza ilinyesha, kila mtu analima, langu limekufa. Na ninajua aliyefanya. Keoagile, jirani yangu wa mashambani."

"Lilikaa tangu mavuno bila kuwashwa. Ukaniita."

"Nikakuita, ukaja na sanduku lako, baada ya siku moja likawaka. Dawa ya yule bwana ilikuwa imeisha nguvu."

"Niliichaji betri, shemeji. Nilikuta haina kitu ndani, kama hii. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshamtukana mzee Keoagile mbele ya baraza la kijiji. Niliona nitakuaibisha, nikanyamaza. Ni mwaka wa pili sasa hamsalimiani. Nina miaka arobaini na tano, na mtoto huyu amenizidi kwa ujasiri."

Baba mkubwa alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Lete nyaya zako," alisema mwishowe. "Chukua umeme kwenye gari langu. Lakini likizimika na langu, utanibeba mgongoni mpaka nyumbani."

"Wewe? Kwa nyama uliyokula leo? Nitaleta trekta."

Gari la baba mkubwa lilisogezwa, boneti mbili zikafunguliwa. Kwanza Letsholo alikwangua ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri. Akamwita Gorata. "Njoo uone, usisimame huko kama mgeni. Waya mwekundu kwenye chanya ya hii na chanya ya ile. Mweusi unaanzia kwenye hasi ya betri yenye umeme, na mwisho wake unaubana kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Usije ukajaribu bila mtu mzima."

Waliacha injini ya baba mkubwa ingurume kwa robo saa. Watu walisahau hata chakula. Kisha Letsholo akatoa ishara kwa kichwa, na mama akazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka kwa uvivu mara moja, mara mbili, ikashika. Moshi ukatoka nyuma, wanawake wakapiga vigelegele. Na kwa kuwa redio haikuwa imezimwa tangu Alhamisi ile, ilijiwasha, na wimbo wa tatu ukaendelea pale ulipokatika.

Besi ilikuja kutoka chini, nzito, bila haraka. Shangazi Mmapula alisogea mpaka mlangoni kwa gari, akaweka kiganja juu ya bati. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Huyu hajakataa," alisema. "Nifungulie mlango, wifi. Nipeleke mpaka mashambani na kurudi."

"Usilizime," Letsholo alimwambia dada yake akichomoa nyaya na kufunga boneti. "Dakika mbili tatu hazitoshi, endesha mwendo wa kutosha. Kesho nitaitoa hiyo betri, niichaji gereji usiku kucha. Betri iliyokaa tupu muda mrefu huharibika ndani, kwa hiyo siahidi kwamba itapona. Isipopona, tutatafuta nyingine."

Pikapu ilitoka uani, ikakata mistari yote aliyofagia Gorata asubuhi ile. Baba mkubwa aliisindikiza kwa macho, kisha akageuka.

"Basi taratibu zetu ni mbaya, Letsholo? Ndicho unachosema?"

"Sikusema hivyo. Mkitaka kufunga gari la marehemu, lifungeni. Ila siku hiyo hiyo mmoja achukue spana, alegeze waya wa hasi, auweke kando. Heshima itabaki na betri itadumu zaidi. Ikifika miezi miwili mitatu, ipelekwe ikachajiwe."

Baba mkubwa alikaa kwenye kiti chake, akamwita Gorata. Gorata alipiga magoti mbele yake.

"Ulichukua ufunguo bila ruhusa," alisema. "Hilo ni kosa, na sitajifanya silioni. Ungetaka kumsikia baba yako ungetuambia. Tungekuelewa, hata mimi ningekuja kukaa nawe." "Lakini leo ulisema ukweli wakati ukweli ulikuwa unakuumiza wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa karibu kuuza gari la mama yako kwa sababu ya kitu nisichokijua. Shikeni hili, watoto wote mnaonisikia. Usipojua jambo, uliza anayejua, usimtafute wa kumlaumu, awe hai au awe kaburini. Na ukiwa unajua, sema, hata kama unaogopa. Anayenyamaza anawaacha wenzake wachukiane bure."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Sasa inuka. Chukua sahani kubwa, nijazie nyama na ugali, ufunike vizuri."

"Hujashiba?"

"Si yangu. Ni ya mzee Keoagile." Alisimama akishika kiuno, akatafuta fimbo yake. "Na wewe unakuja nami. Nina maneno magumu ya kumwambia mzee yule, na leo nimeona wewe ndiye unayejua kuyaanza."