Oili Aliyoifuta Sabuni

Kila jioni akitoka shule, Sabuni alilipangusa lori la baba yake. Jina hilo alibandikwa na mama yake, fundi wa magari makubwa, kwa kuwa mtoto huyo hakuvumilia uchafu hata kidogo.

Wiki hiyo aliona michirizi ya oili kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, penye kifuniko chenye kidirisha cha kioo cha kuonyesha kiasi cha oili. Akaifuta. Kesho yake ikarudi, akaifuta tena. Hakumwambia mtu, maana alitaka lori ling'ae asifiwe.

Siku ya safari ya baba, mama alikuwa gereji, chini ya lori jingine. Akamwuliza Sabuni kama vitovu vyote ni vikavu.

"Vikavu, mama," Sabuni alijibu bila kupepesa macho.

Baba akaondoka na shehena ya saruji. Ndipo Sabuni alipotazama mahali lori lilipokuwa limeegeshwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limeacha dimbwi la oili pana kama sinia. Alijikokota hadi kwa mama, akaeleza yote.

Mama hakugomba. Alidondosha spana, akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, baba akapokea. Alikuwa amebakiza kona moja tu aanze kuteremka mlima. Mama akamwamuru asimame hapo hapo.

Walipomfikia kwa gari la gereji, kitovu kilikuwa kikifuka moshi. Mama alingoja kipoe, akakifungua. Oili iliyobaki haikujaza kijiko, nayo ilikuwa imejaa chembe za chuma. Beringi, zile zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka, zilikuwa zimegeuka buluu kwa joto. Baba, mtu wa mizaha siku zote, alikaa kando ya barabara akiitazama ile kona iliyokuwa mbele yake.

Mama alifunga beringi mpya na sili mpya ya kuzuia uvujaji. Akamimina oili safi hadi kwenye mstari wa kile kidirisha cha kioo, akangoja ishuke ndani, kisha akaongeza. Sabuni alishika faneli, machozi yakimtiririka.

"Gurudumu hili lingechomoka mteremkoni," mama alisema polepole. "Oili ilikuwa inatuambia kitu, wewe ukainyamazisha. Halafu nilipokuuliza, ukanidanganya. Mwanangu, ukiona jambo usilolielewa, liache lilivyo, uje uniite. Kama umekosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza. Leo umechelewa, lakini umesema. Ndiyo maana baba yako yu hai, amekaa pale."