Kikapu cha Kahawa cha Bernadetta

Wengine hawatoki nyumbani bila leso. Bernadetta hakutoka nyumbani bila kahawa.

Alikuwa na kikapu kidogo chenye kifuniko, kinachoenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na buni za Kamachumu, kwao Muleba, zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa juani. Buni hizo hazisagwi, hutafunwa. Mgeni akifika nyumbani kwa Mhaya, kabla hajamaliza kusalimia, hupewa buni mbili tatu atafune. Kumnyima mgeni kahawa ni aibu. Na mgeni akiikataa? Lo! Hiyo ni aibu kubwa zaidi.

Siku aliyoshuka stendi ya mabasi ya Nyegezi, Bernadetta alikuwa na mkungu wa ndizi, mfuko wa maharage na kikapu chake. Mwanawe Florian alikuwa akimsubiri.

"Shikamoo mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Florian alisema huku akiupokea mkungu.

"Marahaba. Huko kupona hasa ndiko kulikonileta," mama yake alijibu. Wala hakucheka.

Florian aliishi mtaa wa Kiseke na mke wake, Annet. Annet alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza. Tangu mwezi uliopita alikuwa akisikia kizunguzungu. Akipanda kilima kidogo cha mawe kwenda dukani, alipumzika mara tatu. Kliniki walimpima wingi wa damu. Ilikuwa nane nukta nne. Mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Nesi alimpa vidonge vya kuongeza damu, ameze kimoja kila siku.

Florian alipompigia mama yake simu na kumweleza, Bernadetta alifunga mzigo siku ileile. Alikuwa na sababu yake. Miaka minne nyuma, binti yake Nice alijifungua salama, kisha akatokwa na damu nyingi mno, akafariki kabla jua halijazama. Bernadetta alimzika binti. Hakuwa tayari kumzika na mkwe.

Basi akaishika nyumba kwa mikono miwili. Alifua, alipika, alifagia. Annet hakuruhusiwa hata kuinua ndoo. Kila asubuhi Bernadetta alipika chai ya rangi, nzito, nyeusi ti, akamletea Annet pamoja na kidonge.

"Meza, mwanangu. Dawa nzito inataka kitu cha moto."

"Ahsante, mama," Annet alisema, akameza.

Mchana walikula ndizi na maharage. Wakimaliza tu, kifuniko cha kikapu kinafunguliwa. "Tafuna, mwanangu. Kahawa inatia nguvu." Jioni vilevile. Annet alipokea kwa mikono miwili, kama mkwe mwenye adabu anavyopokea.

Wiki tatu zilipita hivyo. Wakarudi kliniki. Damu ilikuwa nane nukta tatu.

Nesi alitazama karatasi, akamtazama Annet. "Vidonge unameza?"

"Kila siku."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayempa," Bernadetta alidakia.

Nesi akaagiza Annet apimwe malaria, minyoo na kichocho, maana vyote hivyo hupunguza damu, na huku kandokando ya ziwa kichocho si jambo geni. Hakukutwa na chochote.

"Rudi baada ya wiki mbili," nesi alisema. "Damu isipopanda, nitakuandikia rufaa. Mwenye damu kidogo namna hii hajifungulii hapa. Akitokwa na damu kidogo tu, ni hatari."

Njiani Bernadetta alimshika Annet mkono. Aliyasikia maneno ya nesi, lakini aliyemwona mbele yake ni Nice.

Jumamosi iliyofuata walikwenda sokoni. Si soko kubwa. Ni uwanja mdogo karibu na ofisi ya mtaa, ambapo wakulima wa Igombe na Kayenze huleta mazao yao wenyewe, asubuhi, mpaka saa sita hivi. Hakuna meza za kudumu. Kila mtu na turubai lake chini, nyanya zimepangwa mafungu, matembele bado yana umande. Mkulima ndiye muuzaji, kwa hiyo ukimuuliza mboga yake imemwagiliwa maji gani, anakujibu.

Bernadetta alikuja kutafuta ndizi. Mkungu wake ulikuwa umekwisha. Alizunguka uwanja mzima akizibonyeza ndizi za watu na kuguna.

"Hizi mnaziita ndizi?" alimuuliza mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya matembele, dagaa na mapera.

Mama yule alicheka. Aliitwa Ajwang, Mjaluo, mkulima wa mboga. Siku nyingine za wiki alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, anayepita nyumba kwa nyumba kuwatazama wajawazito na watoto wachanga. "Nyie Wahaya bwana! Bila ndizi mnasema hamjala. Shikamoo mama. Karibu matembele."

"Marahaba. Na nyie bila samaki je?" Bernadetta alimjibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. Mtu aliyemchekesha anastahili kahawa. Akafungua kikapu. Ajwang alichukua buni mbili, akashukuru, akatia moja mdomoni. Bernadetta akamgeuzia kikapu Annet. Annet akachukua tatu.

Ajwang aliacha kutafuna. Alitazama tumbo la Annet, kisha viganja vyake. Vilikuwa vyeupe.

"Dada, damu yako ikoje?"

"Nane nukta tatu," Annet alijibu taratibu.

"Vidonge unameza na nini?"

Annet akainamisha uso. Bernadetta ndiye aliyejibu. "Na chai ya moto. Na akila nampa kahawa apate nguvu."

"Mama," Ajwang alisema kwa upole, "usinielewe vibaya. Chai na kahawa haziendi pamoja na kidonge kile. Kidonge kina madini chuma, ndiyo yanayotengeneza damu. Chai na kahawa huyakamata yale madini tumboni. Mwili unapata kidogo tu. Mengine yote yanatoka chooni. Hata ya kwenye maharage na mboga yanakamatwa."

Bernadetta alifunga kikapu. Pa! "Mimi nimezaa watoto sita, na kahawa mdomoni. Mama yangu naye alizaa na kahawa mdomoni. Leo kahawa imekuwa sumu?"

"Si sumu, mama. Mimi mwenyewe si nimeitafuna hapa? Mwenye damu ya kutosha haimdhuru hivyo. Huyu damu yake ni kidogo, na anamjengea mtu mwingine mwili. Kila tone linahesabiwa."

"Kama ni hivyo, mbona kliniki hawakusema?"

Annet ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ndogo mpaka Bernadetta akalazimika kuinama.

"Walisema, mama."

"Nini?"

"Siku ya kwanza. Nesi aliniambia nimeze na maji, nisinywe chai wala kahawa karibu na dawa wala chakula."

"Na hukuniambia?"

Machozi yalimlengalenga Annet. "Mama, umetoka Muleba kwa ajili yangu. Unanipikia, unanifulia. Kahawa ya mkononi mwako ningeikataaje?"

Bernadetta aliketi kwenye debe lililokuwa pale, bila kukaribishwa. Alitazama kikapu chake. Alikuwa amekibeba kumlinda mtoto wa watu, kumbe adabu ya mtoto huyo ndiyo iliyokuwa ikimfunga mdomo. Kisha wazo jingine likamjia, na hilo lilimuuma zaidi. Alilitamka hivyohivyo, katikati ya soko.

"Binti yangu Nice alifariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kahawa yake nilikuwa namtumia mimi. Kila mwezi."

Ajwang alizunguka turubai, akachuchumaa mbele yake. "Pole sana, mama. Nisikilize. Damu ya uzazi hutoka kwa sababu nyingi. Hata mwenye damu ya kutosha hutokwa. Usijibebeshe hilo, hakuna anayejua. Ila huyu yupo. Huyu tunaweza kumsaidia leo."

Bernadetta alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akavuta pumzi.

"Haya. Nifundishe," alisema. "Kuuliza si ujinga."

Ajwang alimfundisha palepale, akiwa anamfungia vitu. Kidonge kimezwe kila siku kwa maji safi. Kikimchafua tumbo, ameze baada ya kula, asiache. Akishameza, ale pera, chungwa au kipande cha papai, maana matunda hayo huusaidia mwili kupokea madini. Chai na kahawa zikae mbali na chakula na dawa, saa moja au mbili kabla na baada. "Na kwa mjamzito, kahawa akiiacha kabisa mpaka ajifungue, ni vizuri zaidi."

"Na ndizi?" Bernadetta aliuliza kwa wasiwasi.

"Ah, ndizi zako ziache! Pika na maharage kama kawaida, lakini weka dagaa humo, na matembele pembeni. Matembele usiyachemshe mpaka yafe, halafu ukamwage maji. Yakate ukishayaosha, yaive haraka, yaliwe. Siku mkipata maini au nyama, msimnyime. Tena dagaa usinunue waliokaushwa kwenye mchanga. Hawa wangu wameanikwa juu ya chanja, tazama."

Bernadetta alishika dagaa mmoja, akamtafuna. Hakuna mchanga. Akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo hakulifanyia ndizi hata moja asubuhi ile.

"Na kliniki msiache," Ajwang aliongeza. "Mimi nashauri tu. Wao ndio wanapima."

Walipokuwa wakirudi, Bernadetta alisimama penye kilima cha mawe ili Annet apumzike.

"Annet."

"Abee, mama."

"Kuanzia leo, nikikupa kitu ambacho kliniki wamekikataza, sema hapana."

"Mama, mimi siwezi."

"Utaweza. Hebu sema sasa hivi. Tafuna kahawa, Annet." Akamnyooshea kikapu.

Annet alicheka kwa aibu, akaziba mdomo kwa mkono. "Hapana, mama," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Hapana, mama!"

"Vizuri. Twende."

Tangu siku hiyo chai ilihama. Asubuhi ilikuwa maji na kidonge, na pera lililokatwa vipande vinne. Kila Jumamosi walikwenda kwa Ajwang. Florian alinung'unika kidogo kukuta dagaa ndani ya ndizi, lakini siku ya tatu aliongeza sahani. Kahawa Bernadetta aliitafuna peke yake, nje, saa za alasiri.

Baada ya wiki mbili damu ilikuwa nane nukta tisa. Nesi akasema imeanza kupanda, hiyo rufaa ingoje kwanza. Mwezi uliofuata ikawa tisa nukta nane. Mimba ilipokaribia miezi tisa, ilikuwa kumi na moja nukta moja. Bernadetta alimwomba nesi aisome tena. Nesi akaisoma tena.

Annet alijifungua mtoto wa kike, asubuhi ya Jumanne. Alitokwa na damu kama wanavyotokwa wazazi wengine, wakunga wakamhudumia, na kesho yake akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Mtoto aliitwa Nice.

Jumapili wageni walijaa sebuleni, Wahaya wa Kiseke na Buzuruga, wengi wao wazee. Ajwang naye alikuja, na fungu la matembele. Walikula ndizi. Annet alimeza kidonge chake kwa maji, maana kliniki walimwambia aendelee miezi mitatu baada ya kujifungua. Kisha Bernadetta akafungua kikapu, akaanza kukizungusha. Kwa furaha alisahau kabisa. Alipomfikia Annet, akamnyooshea.

Annet alikitazama kikapu. Akawatazama wageni. Akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwake.

"Hapana, mama," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Mzee mmoja aliweka glasi chini. Shangazi wa Florian aligeuka na macho makali. "Yarabi! Mkwe anakataa kahawa ya mama mkwe? Mbele za watu?"

Mkono wa Bernadetta ulikuwa bado umenyooka. Kisha akakumbuka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si machozi ya kicheko peke yake.

"Mwacheni," alisema, akikifunga kikapu taratibu. "Nilimfundisha mwenyewe."